Bi. Apolonia Mayala Hakuchanganya Bahasha

Tarehe 30 Juni, Bi. Apolonia Mayala atakabidhi funguo za chumba cha sampuli cha kituo chetu cha utafiti wa afya hapa Shinyanga, baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne ya utumishi. Wengi tunamwita Mama Thobias, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Funguo zenyewe ni tatu, na mmoja haufungui kitu chochote tangu makabati yabadilishwe, lakini alipewa tatu na tatu atarudisha.

Bw. Fikirini, anayeandaa kitabu hiki cha sherehe, ameniomba niandike mimi kwa sababu ni mwakilishi wa vijana kwenye kamati ya washiriki, yaani watu waliowahi kuchunguzwa na kituo na sasa wanakaa mezani kukishauri. Naitwa Doto Nkwabi, niko kidato cha nne. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari nasoma kwa Kiingereza, na kwa lugha zote mbili nikiambiwa nisimame mbele za watu sauti inanipotea. Kuandika naweza. Humu ndani kuna jambo langu pia, mtanisamehe.

Mama Thobias aliajiriwa Februari 1994 kuosha vyombo vya maabara. Wanaomkumbuka wakati huo wanasema alikuwa haoshi chupa mpaka asome lebo yake na kuuliza ilikuwa na nini. Maswali yakawachosha wakubwa, wakampeleka kozi. Akarudi msaidizi wa maabara, na tangu 2006 amekuwa msimamizi wa ridhaa na sampuli. Maana yake ni hii: kabla mtafiti hajachukua damu, mkojo au nywele za mtu yeyote, yeye anakaa na huyo mtu, anamweleza kwa Kiswahili au Kisukuma kinachotakiwa na kwa nini, na kwamba ana haki ya kukataa. Kisha anakitunza kilichotolewa mpaka kifike maabara.

Kwenye kukataa hapo ndipo alipotofautiana na wengi. Alipiga marufuku soda kabla ya kuweka sahihi, kwa sababu, anasema, mtu akishashika soda yako mkononi hawezi tena kukuambia hapana. Soda zilitolewa mwishoni, na waliokataa walipewa kama wengine. Kuna mzee mmoja wa Ushetu, mzee Ngusa, mkulima wa tumbaku, alimkalisha asubuhi nzima akiuliza maswali. La mwisho lilikuwa, "Nikikataa, zahanati wataninyima dawa?" Akamjibu hawatamnyima. Mzee akasema, "Basi nimekataa," akanywa soda yake, akaenda zake. Kwenye daftari la siku ile Mama Thobias ameandika: Amekataa. Ameondoka na furaha. Daftari lipo, nimeliona.

Halafu kuna ile ya stendi ya Kahama. Alikuwa amekaa na lile sanduku lake la baridi akisubiri gari, akaja mama mmoja aliyekuwa akitafuta samaki, akauliza bila hata salamu, "Una sato?" Mama Thobias akajibu taratibu, "Nina mkojo." Wanasema yule mama hata hivyo aliuliza bei.

Sasa nije Nyamalulu.

Nyamalulu ni kijijini kwetu, si mbali na Rwamgasa. Mama yangu, Mama Kulwa, anafanya kazi mwaloni, pale mchanga wa dhahabu unapooshwa na kuchanganywa na zebaki, kisha zebaki inachomwa moto ili dhahabu ibaki. Miaka mitano iliyopita mialo na mashine za kusagia mawe, tunazoita karasha, zilikuwa zimegusana kabisa na uzio wa shule ya msingi. Moshi wa zebaki ulikuwa unaingia darasani. Kituo kikapewa fedha za serikali kuchunguza watoto mia na ishirini wa shule yetu, wameingiwa na zebaki kiasi gani, na majibu yaende kwenye baraza la madiwani lililokuwa liamue kama shughuli hizo zihamishwe.

Zebaki inaonekana kwenye nywele. Lakini mwanafunzi wa shule ya msingi ana nywele gani? Tunanyolewa kila baada ya wiki mbili. Ikabidi mwalimu mkuu, Mwalimu Edward, aturuhusu sisi mia na ishirini tufuge nywele kuanzia Aprili hadi likizo ya Juni, zifike upana wa vidole viwili kisogoni. Wenzetu wakatuita wasanii. Nikipita tu: "Msanii, tuimbie!" Nikienda bombani: "Msanii, shoo lini?" Kwa mtu mwingine ni utani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa nazunguka nyuma ya vyoo ili nisipite uwanjani.

Jumamosi moja, siku tatu kabla ya kukatwa sampuli, nilimwomba mjomba aninyoe. Akaninyoa kipara kinachong'aa.

Jumapili ndiyo nikaelewa nilichofanya. Mama alikuwa ameweka sahihi, na alishawaambia majirani kwamba mwanawe yumo kwenye utafiti. Niliogopa kumwambia, nikamwambia pacha wangu. Kulwa aliishi na bibi Ushetu na alikuwa amekuja likizo, na shule yao iliruhusu wasichana kusuka. Alicheka sana. Jumanne akafumua nywele, akavaa sketi yangu, akaenda kukaa kwenye kiti. Mama Thobias akamuuliza, "Wewe ni nani, mwanangu?" Akajibu, "Doto." Nywele za mtoto aliyekulia kwenye tumbaku zikaingia kwenye bahasha ya mtoto wa mwaloni, namba 047.

Majibu yalirudi Septemba. Watoto wengi walikuwa na zebaki nyingi. Namba 047, ambaye nyumba yao ilikuwa karibu na moshi kuliko wote, alikuwa safi. Daktari Abdul, aliyeongoza utafiti, aliona hiyo namba inaharibu mchoro, akapendekeza iondolewe. Nia yake haikuwa mbaya. Alitaka watoto waondolewe moshi haraka, na baraza lilikuwa limebakiza wiki nne.

"Mama, ni mmoja kati ya mia na ishirini," alimwambia.

"Daktari, huyo mmoja ana mama yake," Mama Thobias akamjibu. "Hatumtoi mtoto kwa sababu hapendezi kwenye mchoro. Na hizi fedha ni za kodi, zimetoka kwa hao hao akina mama wa mwaloni. Ngoja nikamuulize."

Akaja nyumbani, akanikuta naosha masufuria. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akanitazama kidogo, akatazama ukutani picha yetu ya komunyo ya kwanza, mapacha wawili. Alikaa kwenye kigoda akaanza kunisaidia kusugua sufuria, na kabla hatujamaliza la pili nilikuwa nimeshasema yote, nalia.

Nilidhani atanigombeza. Aliniuliza, "Siku ile Aprili, ungeweza kukataa?"

Nikamwambia hapana. Tulikuwa tumesimama mstarini, shule nzima, na Mwalimu Edward akauliza kwa sauti yake ile ya mstarini, "Kuna asiyetaka?" Nani angejitokeza?

Akaacha kusugua. Kwa Kisukuma akasema, kama anajisemea mwenyewe, kwamba yeye ndiye aliyekubali tuulizwe vile. Watu wazima alikuwa anawauliza mmoja mmoja. Watoto aliwaacha waulizwe kwa mstari, kwa sababu walikuwa wengi na gari lilikuwa linasubiri.

Wiki mbili zilizofuata alizunguka nyumba za watoto wote mia na ishirini. Akagundua kwamba wengine tisa walifanya kama mimi: walinyolewa, wakaazima kichwa cha ndugu au cha rafiki aliyekuja likizo. Hao tisa siwataji. Mambo yao ni yao.

Sampuli kumi mbovu hazikugeuza majibu. Zebaki ilikuwepo, kila mtu aliiona. Daktari Abdul alisema ripoti inaweza kwenda hivyo hivyo, hizo kumi zikae kimya. Mama Thobias akasema kama ridhaa ilikuwa mbovu kwa kumi, ilikuwa mbovu kwa wote, na utafiti urudiwe. Akaandika barua kwa mkurugenzi, ukurasa mmoja. Mstari wa mwisho unasema makosa ni ya msimamizi wa ridhaa na sampuli. Hakuna jina la mtoto hata mmoja.

Baraza likaahirisha suala letu kwa miezi minane. Miezi minane ya moshi. Wakati huo kilichofahamika kijiji kizima ni kwamba mama wa sampuli kaharibu kazi. Pale sokoni Mama Mwamvua, muuza vitumbua, alimkabili mbele ya watu: "Mama Thobias, watoto wetu wanavuta zebaki, wewe unahesabu nywele! Bahasha tu zimekushinda?" Yeye akanunua vitumbua vyake vinne, akasema, "Mna haki ya kukasirika." Nilikuwepo, nimesimama na kikapu. Nikanunua kwake vitumbua vya nyumbani, nikaondoka.

Januari akarudi. Safari hii kila mtoto aliingia darasani peke yake, mlango wazi, mzazi nje, mwalimu hayupo. Watoto ishirini na tisa walikataa, wakapewa soda. Mimi nilikubali, nikafuga nywele mpaka Machi, wakaniita msanii, nikavumilia. Majibu yalipotoka aliyapeleka kwanza nyumba kwa nyumba ndipo yakaenda ofisini. Yangu yalikuwa juu kuliko nilivyotegemea. Siku hiyo mama aliacha kuchoma zebaki jikoni kwetu, na hajairudia.

Baraza lilipokaa Juni, wenye karasha walikuja na mtaalamu wao. Swali lake la kwanza lilikuwa, tunajuaje nywele ni za watoto hawa? Mama Thobias akasimama, akasoma ile barua yake ya makosa, kisha akaeleza alivyofanya mara ya pili. Yule mtaalamu alikuwa na karatasi nne za maswali. Aliuliza moja zaidi, akakaa. Mialo ikahamishwa. Karasha mbili bado zipo nyuma ya shule hadi leo, tunazisikia, lakini moshi hakuna.

Kwa upande wake, nafasi ya ukuu wa kitengo aliyokuwa akiitarajia mwaka ule ilimpita, na haikurudi. Nyamalulu hadi leo ukimtaja, kuna watakaokuambia, "Si yule aliyechanganya bahasha?" Amesikia mara nyingi. Hajawahi kusahihisha, maana ili asahihishe ingebidi awataje watoto kumi.

Mwezi uliopita nikampigia simu. Nilikuwa nimeandika nitakachosema kwenye karatasi. Nikasema, "Mama, nataka niandike ukweli kwenye kitabu cha sherehe."

Akauliza, "Kulwa umemuuliza?"

"Bado, mama."

"Basi hujamaliza kuuliza."

Nikamuuliza Kulwa. Akasema niandike, ila niseme kwamba aliigiza vizuri. Aliigiza vizuri. Mama yetu naye nikamwambia, baada ya miaka mitano. Akaniuliza, "Na vile vitumbua ulikuwa unanunua kwa nani?" Nikampigia tena Mama Thobias. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja hata kwa Daktari. Akanijibu, "Doto, uliniambia ukiwa mtoto, unalia, mikono ina sabuni. Hiyo si taarifa ya kumpelekea Daktari wala diwani."

Kituo sasa kina mwongozo wa kuomba ridhaa kwa watoto, mmoja mmoja, na haki ya kukataa bila mwalimu kuwepo. Ameuandika yeye na unatumika kwenye kila utafiti wetu. Huo ndio utumishi ambao wenzake watausifu jukwaani, na wana haki. Mimi nilitaka kuongeza hili moja, kwa ajili ya wageni kutoka Nyamalulu watakaosoma kitabu hiki wakisubiri pilau.

Mama Mwamvua, shikamoo. Wazazi wote, shikamooni. Bahasha zilikuwa sawa, kila moja na namba yake. Namba 047 ni mimi, na aliyedanganya ni mimi. Miezi ile minane mlimlaumu mtu aliyekuwa ananificha. Mkitaka kuniuliza lolote, nimekaa upande wa kamati, mstari wa pili, karibu na dirisha. Nitasimama, na nitajibu kwa sauti.

Mama Thobias, wabeja sana, asante kwa yote. Ustaafu wako uwe na afya, usingizi wa mchana na wajukuu wenye maswali mengi. Ondoka na jina lako lote, halina doa letu tena.