Pango la Pweza Ndani ya Ghala la Mwalimu

Kijiweni Utende kuna benchi moja, dele la kahawa la Rubani, ambaye hajawahi kupanda ndege ila ratiba zote anazo kichwani, na Mfaume, aliyeishia darasa la saba ila wanamwita Profesa. Asubuhi hiyo Mwanahalima hakwenda kuchokoa pweza. Alimfuata Mwalimu Sadock palepale. Kijiji kina "wiki" yake mtandaoni, kurasa ambazo kila mtu anaandika anachokijua, naye kwa kujisahau alikuwa ameandika lilipo pango la pweza aliloachiwa na mama yake. Pango haambiwi mtu, hata mume. Alipozinduka akalifuta. Sasa kasikia Mwalimu kazihamishia kurasa zote kwenye ghala la mtandaoni lisilosahau.

— Ni kweli, dada. Ghala linatunza kila toleo. Ukifuta leo, la jana lipo, na jina lako pembeni. Kesho nalifungua kwa kijiji kizima.

— Nami kesho nile nini, Mwalimu? Watoto wanne wanavaa sare kwa lile pango!

— Kulitoa pango lako kabisa, nianze ghala upya. Mwezi mzima nimelijenga, na intaneti yenyewe ya kuokoteza.

Rubani akamimina kahawa.

— Zima umeme. Ghala bila umeme ni kabati.

— Halipo hapa, Rubani. Lipo kwenye kompyuta za mbali.

— Basi aandike mapango mia ya uongo, alisema Profesa. Watu wachokoe mawe mpaka Idi.

— La kwanza litabaki la kwanza.

— Basi tuwahamishe pweza! Tuwapakie mtumbwini, tuwashushe kisiwani Chole.

— Wewe Profesa, pweza umemwona mbuzi? alisema Mwanahalima.

Wakacheka. Akafika Happy, nesi mgeni, hana hata mwezi hapo.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Alisikiliza, kikombe mkononi.

— Dada, ukurasa ulikaa siku ngapi kabla hujaufuta?

— Tatu.

— Na hapa nani hakuusoma?

Rubani akatikisa dele, tupu. Profesa akatazama bahari kama anaidai. Mwanahalima akakumbuka mara tatu alizolikuta pango limeshachokolewa, yeye akidhani bahari imechoka.

— Mwalimu, hilo ghala linaonyesha na majina ya waliosoma? aliuliza Mwanahalima.

— Hapana. Walioandika tu.

Profesa akashusha pumzi mpaka benchi zima likasikia, na Mwanahalima akajua aanze na nani kudai pweza wake.