Pak Paryono na Kibali cha Simu Moja

Tarehe mosi Novemba Pak Paryono Wiroatmojo anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili katika hospitali yetu ya wilaya. Uongozi umeniomba niandike habari zake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi, na umeniomba pia, kwa adabu zote, nisiguse yaliyotokea mwezi wa pili mwaka juzi. Nimejaribu, nimeshindwa. Ukiyaruka hayo, unabaki na mzee anayeondoka bila nishani, mwenye barua ya onyo kwenye jalada lake, na kila msomaji ataamini aliistahili.

Alianza kama opereta wa simu, kwenye kile chumba kidogo nyuma ya mapokezi ambacho sasa tunaweka mifagio. Aliijua sauti ya kila daktari, na wakati mwingine alijua nani amegombana na nani kabla wao wenyewe hawajajua. Kompyuta zilipoingia, mitambo yake ikang'olewa, naye akapelekwa kozi mjini Semarang. Alirudi akiwa mlinzi wa kompyuta zetu zote, lakini ukubwani mtu habadiliki sana: aliendelea kuamini sauti kuliko maandishi.

Wodi ya wanaume ilimwita Pak Plasta, yaani Bwana Plasta. Alipita kila Jumatatu na plasta ya vidonda mfukoni akiziba matundu ya flashi, moja moja, kama anayehudumia majeruhi. Kisha alisimama nyuma yako mpaka usasishe kivinjari, hata kama una foleni hadi mlangoni. Muuguzi mmoja alikuwa amepachika kwenye kivinjari cha kazini kikorokoro cha kutafutia punguzo la bei za viatu. Pak Paryono alikitoa, akamwuliza kama viatu hivyo vitamsaidia kukimbia siku majina ya wagonjwa wa UKIMWI yatakapouzwa sokoni. Hatukumpenda Jumatatu, na tulijifungia vyooni tukisikia hatua zake. Aliyajua hayo, na alikuwa na subira ya kusubiri nje ya choo.

Kitu kimoja tu kilimshinda: mialiko ya harusi. Kwetu asiyefungua mwaliko ni kama amekata undugu, na wezi waliligundua hilo mapema. Wakaanza kutuma mialiko kwenye simu, ina maua na majina ya bwana na bibi harusi, na ukiigusa unajipakulia programu inayosoma kila kitu chako. Pak Paryono hakutuambia tukose adabu. Alitutaka tumpelekee simu, naye aliipigia nyumba iliyotajwa na kuuliza kwa sauti yake ya opereta kama kweli wanaoza. Siku moja alimpigia baba mmoja kule Baturraden, akamkuta hajui kabisa kwamba binti yake anaolewa. Mwaliko ulikuwa wa kweli. Watoto walikuwa wametangulia kuutuma kabla ya kumwambia. Kwa mwezi mzima ukoo ule haukumwamkia Pak Paryono, ingawa baadaye walimpa kiti cha mbele.

Sheria yake kubwa ilikuwa kwamba simu ya mtu haiingii kwenye mfumo wa hospitali. Ya daktari, ya mkurugenzi, ya yeyote. Kompyuta ya benki ya damu ilipoharibika, na nyingine ikacheleweshwa wiki hadi wiki, mimi, mfanyakazi wa benki hiyo, nilitaka kusoma majibu ya vipimo kwenye simu yangu. Nilikataliwa mara mbili. Mara ya tatu nikamwita Pakde, yaani baba mkubwa. Nusu ya hospitali ilimwita hivyo, mimi sikuwahi hata siku moja. Nilimwita kwa sababu nilikuwa na shida, na najua aliliona hilo. Alivuta karatasi, akaandika kibali cha simu moja na kutia sahihi. Alinisihi nisihifadhi nywila ndani ya simu. Niliihifadhi jioni ileile, nimechoka kuandika herufi kumi na sita na vidole vyenye glavu.

Wiki tatu baadaye ulikuja mwaliko wenye jina la Bu Lasmini, mama anayetupikia jikoni, ambaye kweli alikuwa na binti wa kuozwa. Niliufungua ndani ya lifti, maana nilikuwa naelekea jikoni na niliona aibu kukutana naye sijausoma. Ulifunguka ukurasa mtupu. Nilidhani mtandao ni mbovu.

Jumanne iliyofuata, saa mbili asubuhi, skrini zote zilifungwa. Wezi walikuwa wameingia kwa nywila yangu, na namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu yangu waliisoma kabla yangu. Saa tatu kasoro aliletwa Ngatini, mama wa miaka thelathini na mmoja, amejifungua nyumbani na damu haikatiki. Damu yake ilikataa chupa nyingi za kundi lake, na orodha ya zinazomfaa ilikuwa kwenye kompyuta tangu uzazi wake wa kwanza. Tulianza kupima upya kwa mkono, chupa baada ya chupa. Pak Paryono alishuka stoo akapekua madaftari ya zamani mpaka mikono ikawa myeusi kwa vumbi. Chupa inayofaa tuliipata saa sita na dakika ishirini. Ngatini alikuwa amefariki saa sita kamili. Madaktari wanasema huenda asingepona hata hivyo. Nimeikumbatia sana hiyo huenda, na haijanisaidia.

Tume ya uchunguzi ilimwuliza Pak Paryono mlango waliopitia wezi ulikuwa simu ya nani. Katibu wa tume aliniambia jibu lake.

"Kibali ni changu na sahihi ni yangu. Andikeni hivyo."

Walimwuliza tena, akawaambia wamemsikia. Wakampa onyo, wakafuta jina lake kwenye orodha ya nishani, wakamhamishia stoo ya majalada. Mimi nilikaa kimya. Mwaka jana nilipandishwa cheo, na alikuja kunipa mkono wa pongezi.

Wiki iliyopita nilimfuata stoo nikamwambia nitaandika ukweli. Alikuwa anabandika lebo, wala hakuinua kichwa.

"Unataka kunisafisha mimi, au unataka kupata usingizi?"

"Vyote viwili, Pakde."

"Angalau husemi uongo. Basi usianzie kwenye jarida. Anzia kwa Sarwidi."

Sarwidi ni mume wa Ngatini, anatengeneza tofu ya soya. Pak Paryono alihudhuria dua za siku ya saba, ya arobaini na ya mia nyumbani kwake, akikaa karibu na mlango, na pale pia hakusema simu ilikuwa ya nani. Jana nilikwenda. Sarwidi alinikaribisha chai, akamweka mtoto mapajani, akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Ilikuwa harusi ya nani, Bu?"

Nikamjibu kwamba hapakuwa na harusi. Alitikisa kichwa taratibu, akarudia maneno hayo kwa sauti ndogo, kisha akaniomba niende.

Pak Paryono, kwa niaba ya wodi zote, hata ile ya wanaume, asante kwa kila Jumatatu. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu na miaka mingi ya kupumzika na Bu Paryono. Mimi sina haki ya kukuomba msamaha kwenye karatasi ya sherehe, kwa hiyo naomba jambo jingine, na ninaliomba kwa uongozi, mbele ya wafanyakazi wote: barua ya onyo itolewe kwenye jalada lake leo, iandikwe upya, na jina liwe Wening Prastiwi, Mkuu wa Benki ya Damu.