Chipu Mbili na Bomba la Usta Sabri

Alhamdulillahi. Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya klabu yetu ya utamaduni hapa Tanta, fundi wetu, Usta Sabri Kandil, anastaafu tarehe 30 Juni. Alikuja kutengeneza spika za ukumbi, akaishia kuwa tabibu wa kompyuta kuukuu ambazo watu wa mji huu wamekataa kuzitupa.

Sisi wenzake tunamjua kwa chai yake tamu kupita kiasi, na kwa kugusa bomba la maji kabla ya kushika chipu yoyote, ili umeme wa mwilini usiiunguze. Wageni hudhani anatia udhu.

Kazi yake ya mwisho ililetwa na Madamu Ratiba, mjane. Marehemu mumewe aliwatungia binti zao mchezo kwenye kompyuta ya kazini, akauhifadhi kwenye disketi, na Mungu akamchukua kabla hajawaonyesha. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa na mfumo wa zamani mno, haikuweza kuisoma. Dawa ilikuwa kung'oa chipu mbili zilizobeba mfumo huo na kupachika mpya mbili, zilizoandikwa namba, ya kwanza na ya pili.

Usta akagusa bomba, akasema Bismillahi, akapachika, akawasha. Skrini nyeusi. Akazikandamiza vizuri. Nyeusi vilevile. Madamu Ratiba akaanza kutafuta leso mkobani.

"Usta, umeiua?" nikamwuliza.

"Nyamaza wewe! Imenuna tu."

Lakini jasho lilimtoka. Akainama, akazitazama, mara akaangua kicheko. "Wallahi nimezipachika Kiarabu!" Ya kwanza aliiweka kulia na ya pili kushoto, kama sote hapa tunavyosoma Kiarabu. Mashine ile huanzia kushoto.

Akazibadilisha nafasi. Skrini ikaangaza, disketi ikakoroma, akatokea bata anayekimbizwa na bibi mnene mwenye ufagio.

"Mama mkwe huyo!" Madamu Ratiba akapiga kelele. "Hata ufagio ni wake! Ah, Abu Lubna, mume wangu, ulithubutu!" Akacheka huku leso ikifanya kazi yake. Jioni ile mabinti walimkimbiza bata hadi adhana ya Magharibi.

Usta Sabri, asante kwa subira yako na hata kwa sukari yako. Bomba lako hatutalibadilisha. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, na maisha haya mapya uyaanze upande wowote uupendao.