Waaustria Hawajafika

Benchi letu siku ile lilikuwa nje ya ukumbi wa michezo wa Aldthwaite, ubavuni mwa mlango wa nyuma, pale wavuta sigara wanapojibanza wakati mvua ya Yorkshire haijajua inataka kunyesha au kuacha. Ndani kulikuwa na maonyesho ya vita vya mezani. Ukumbi ulifurika wababa wenye vitambi na miwani, na kina mama wachache wasiotaka mchezo, wote wameinamia meza zenye vilima vya sponji na mito ya rangi inayong'aa, wanasogeza askari wa madini ya risasi wasiozidi kidole gumba, wanarusha dadu, wanabishana. Sisi tulikuwa nje na chupa ya chai. Kanali alikuwepo, ambaye jina lake ni Malcolm na kazi aliyostaafu ni ya kugawa barua. Gwanda hajalivaa hata siku moja maishani. Pauline alikuwepo, aliyeendesha basi la mjini miaka mingi, tunayemwita Dadu kwa sababu dadu zinamchukia. Harbans tunamwita Redio, maana hazimiki. Na mimi ni Gundi. Ukiona vidole vyangu huhitaji kuuliza.

Shida yetu ilikuwa hii. Meza yetu ilikuwa na mto, kijiji, daraja la mawe, na Wafaransa wamejipanga ukingoni kwa mistari iliyonyooka. Ng'ambo ya mto hapakuwa na mtu. Waaustria wote, kikosi kwa kikosi, walikuwa kwa Clifford. Huyo tunamwita Brashi, kwa kuwa kaskazini yote hii hakuna anayepaka askari rangi kama yeye. Na Brashi alikuwa hajafika. Milango imeshafunguliwa, watu wameshaanza kuzunguka, simu yake inaita mpaka inachoka yenyewe.

— Kuna bwana kaniuliza Wafaransa wanapigana na nani, alisema Redio akijimiminia chai. Nikamwambia wanapigana na baridi.

— Ungemwambia wameshashinda, alisema Kanali. Wamevuka daraja bila kupoteza hata farasi mmoja.

— Mnacheka nini sasa? alisema Dadu, macho kwenye simu. Mtu hapokei.

— Gari lile, Pauline. Umeliona gari lile? Lina kutu kuliko manowari iliyozama. Limemfia njiani, basi. Yuko kando ya barabara analipiga mateke.

— Angepiga simu.

— Kwa simu ipi? Ile anayoisahau kila mahali?

Redio alitikisa kichwa, akakaa vizuri kama mtu anayetaka kusoma taarifa.

— Si gari, Kanali. Nisikilizeni mimi. Ni wale wa ng'ambo ya vilima.

— Nani, wale wa klabu ya Lancashire?

— Haohao. Mwaka jana si mliwaona walivyosimama mbele ya meza yetu? Hawakuangalia mchezo hata kidogo, walikuwa wanaangalia makoti meupe ya Waaustria, udenda unawatoka. Wamemnunua. Wamemwambia, njoo kwetu Clifford, tuna ukumbi wenye joto, tuna keki kila Jumanne.

— Brashi hawezi kwenda Lancashire kwa ajili ya keki, nilisema.

— Wewe Gundi hujui nguvu ya keki.

— Namjua Brashi. Anaivuka mipaka ya Yorkshire akipelekwa na gari la wagonjwa tu.

Nilijuta neno hilo kabla halijatua. Dadu aliniangalia, akageuza uso. Kanali akawahi kuziba pengo, kama kawaida yake.

— Basi mimi nawaambia ukweli, maana nyote mnaogopa kuusema. Ni mwanamke.

— Acha hizo!

— Kweli tena! Yule mjane wa kwaya, mwenye kofia ya zambarau. Majuzi nimemwona anamsaidia Brashi kuchagua viazi. Viazi, jamani! Mtu anasaidiwa kuchagua viazi? Saa hizi wako Scarborough, wanakula samaki na chipsi wakiangalia bahari.

— Pamoja na Waaustria? aliuliza Redio.

— Wako kwenye buti la gari. Ndiyo mali pekee aliyonayo, awaache nyumbani?

Nami, kwa kuwa nilikuwa nimeshaharibu, nikaona nitengeneze.

— Mimi nasema ni polisi. Wamemsimamisha njiani. Mzee, una nini kwenye hayo masanduku? Naye mnavyomjua, hawezi kudanganya. Anajibu: Afande, nina brigedi mbili za askari wa miguu, wapanda farasi, na mizinga. Ya kwenda wapi? Kuteka daraja la Aldthwaite kabla ya chakula cha mchana.

Kanali alicheka hadi chai ikamtoka puani. Hata Dadu aliguna kidogo.

— Na wameita helikopta, alidakia Redio. Na ubalozi wa Austria umepata habari, umewatuma watu, unadai raia wake warudishwe. Brashi anakataa, anasema hawa nimewapaka mwenyewe, hawa ni wa Yorkshire...

Hakumaliza. Mlango ulifunguliwa akatoka bwana Ibbotson, msimamizi wa maonyesho, mwenye kitambulisho shingoni na sura ya mtu aliyekanyagwa vidole asubuhi nzima.

— Malcolm, rafiki yangu, samahani. Ile meza yenu. Watu wanalipa kiingilio waone vita, wanakuta jeshi moja limesimama linaangalia maji. Kama hamjaanza kufikia mchana, nitawapa wenzenu wa Bradford. Wamekuja na mazimwi ya angani na hawana pa kuyaweka.

— Mazimwi ya angani! Juu ya daraja letu? Daraja nimelijenga jiwe kwa jiwe!

— Ni mazimwi mazuri, Malcolm. Yanawaka taa.

Akarudi ndani. Kanali alifungua mdomo atukane, lakini Dadu alikuwa ameshasimama.

— Sijali meza, alisema. Wapeni hayo mazimwi. Mimi nataka mtu mmoja hapa aseme tunachokiwaza wote.

Redio alijimiminia chai nyingine.

— Basi nitasema mimi. Brashi anaishi peke yake. Tangu tumzike mkewe Glenys anaishi peke yake, na sisi tunamwona Jumanne kwa Jumanne tunamuuliza habari za rangi. Macho yamemwingia ndani, suruali inamvuka, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza, wewe, unakula? Hajawahi kuchelewa huyu. Leo hajafika na simu haipokelewi, na sisi tumekaa hapa tunamwoza kwa mjane wa kwaya.

Kanali alikitazama kikombe chake. Yeye na Brashi wamesoma darasa moja. Ndiye aliyebeba jeneza la Glenys upande wa mbele.

— Nilipita jana, alisema kwa sauti ndogo. Niliona taa ya jikoni inawaka. Nikasema, ah, anapaka rangi, nisimsumbue. Nikapita zangu.

Redio, mwanamume wa maneno elfu, alimwekea mkono begani.

Nilitoa funguo za gari. Dadu akafunga chupa ya chai, ingawa ilikuwa na chai bado. Tulivuka eneo la kuegesha magari kwa hatua za watu wanaokwenda mahali wasikotaka kufika. Nilikuwa nimeshaingiza funguo mlangoni Redio aliponishika mkono.

— Sikiliza.

Kilikuwa kikohozi cha gari. Kama unalijua gari la Brashi huhitaji kuliona. Unalisikia tangu mzunguko wa barabara, linakohoa, linanyamaza kidogo kama limekata roho, kisha linakohoa tena. Likakata kona, likapanda ukingo wa njia kidogo, likasimama katikati ya nafasi mbili. Mlango ukafunguliwa, akashuka Clifford, mzima, na koti juu ya shati la kulalia, viatu havijafungwa kamba, nywele zimesimama upande mmoja, na shavuni alama nyekundu ya mkunjo wa foronya.

— Najua, najua, alisema huku ameinua mikono. Najua nimewaharibia. Nisameheni.

Kanali alimwendea moja kwa moja. Nilidhani atamkumbatia.

— Mjinga wewe! alifoka. Mjinga mkubwa! Unajua tumekuzika hapa? Tumekuoza, tumekufunga, na tumekuzika! Simu iko wapi?

— Jikoni. Kwenye koti jingine. Malcolm, unalia?

— Silii. Ni mvua.

Mvua yenyewe ilikuwa haijaanza.

— Ulikuwa wapi? aliuliza Dadu.

Brashi aliangalia chini, akajaribu kulainisha nywele zake. Aliona haya kama mtu aliyekamatwa na kosa.

— Nimelala.

— Umelala?

— Nimelala, Pauline. Basi. Sina hadithi nyingine. Tangu Glenys aondoke silali. Kitandani siwezi hata kukaa. Najiegesha kwenye kochi, nafumba macho, yanafumbuka. Kwa hiyo nakaa jikoni napaka rangi mpaka mwanga uingie. Hawa Waaustria mnaosema wamependeza mwaka huu, ni kwa sababu hiyo tu. Jana nimemaliza wa mwisho, yule mbeba bendera. Hakuna mwingine wa kupaka. Nikapanda juu, nikasema nijinyooshe dakika mbili, upande wangu, upande wake nisiuguse. Nikafumba macho. Nimekuja kuyafumbua mwanga umejaa chumbani na nje wanakata majani.

Kati ya nadharia zetu zote, polisi, keki, ubalozi, hakuna aliyewaza usingizi.

— Umeota? aliuliza Redio taratibu.

— Sikuota kitu. Nimelala kama mzigo. Aliduwaa kidogo, kama ndiyo kwanza anaisikia habari hiyo. — Na nina njaa, jamani. Nina njaa ajabu.

Hapo ndipo Dadu alipomkumbatia, akamng'ang'ania, na Brashi naye akamwachia kichwa begani, katikati ya magari, mbele za watu, jambo ambalo wanaume wa Aldthwaite hawalifanyi. Kanali aligeuka akafungua buti la gari kwa kelele nyingi.

— Haya, haya! Hawa Waaustria watashuka wenyewe? Kuna mazimwi yananyemelea daraja langu!

Tulibeba masanduku mbiombio kama wezi. Bwana Ibbotson alitukuta tunawapanga makoti meupe ng'ambo ya mto, akaitazama saa yake, akamtazama Brashi na shati lake la kulalia, akaondoka. Watu wakaanza kukusanyika. Bwana mmoja aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa bendera ya yule askari wa mwisho, akauliza nani kapaka. Sote wanne tulimnyooshea Brashi kidole kwa pamoja.

Kisha tukacheza. Kama kucheza ndiko kule. Dadu zilirushwa, vikosi vikasogea, Wafaransa wakaingia darajani, Redio akasimulia vita ambavyo nadhani vilikuwa vingine kabisa. Kanali alikuwa akimwambia Brashi kwamba Jumatatu anakuja kula kwake, na Jumatano, na hataki kusikia visingizio, na Brashi alikuwa akikubali kila kitu na kupiga miayo. Kila alipopiga mwayo, sisi tulitazamana tukafurahi kama vile ametuletea zawadi.

Mama mmoja wa kantini alitoka nyuma ya kaunta yake na sahani ya mkate wenye bekoni. Dadu alikuwa amemwambia kuna mtu hajala. Mama huyo hakuwa amewahi kuuona mchezo huu. Alimkabidhi Brashi sahani, akajifuta mikono kwenye aproni, akasimama kuangalia mto, daraja, makoti meupe na makoti ya buluu yaliyochanganyika kila upande.

— Pazuri, vipenzi vyangu, alisema. Pazuri kweli. Sasa nani anashinda?

Kanali alimtazama Redio. Redio alinitazama mimi. Mimi nilimtazama Dadu, ambaye alikuwa ameshika dadu mbili hewani na hajui alitaka kuzirusha kwa ajili ya nini.

— Mnacheza tangu saa ngapi? mama aliuliza tena.

Brashi aliitazama meza kutoka mwanzo hadi mwisho, mdomo umejaa mkate. Akaanza kucheka. Alicheka hadi akalazimika kushika ukingo wa meza, na wapanda farasi watatu wakaanguka mtoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewainua.