Macho ya Mama Pasi

Sogeeni, wanangu, mnisikilize wakati sauti bado inanitii, na wewe kitindamimba wangu acha kulia kwanza, maana nina jambo moja ambalo nikiondoka nalo sitapumzika.

Brashi, ngazi na makopo ya rangi ni vya binti yangu, kwa sababu ndiye aliyerithi mkono wangu wa kuchora mabango. Nyumba ni ya wote, msiigawe kwa ukuta wala kwa maneno. Ila chumba cha mbele kinachotazama barabara ni cha Mama Pasi, mpaka atakapokihama kwa hiari yake. Nalisema hili mbele ya kaka yenu mkubwa, kwa sababu najua kamati ya mtaa imemtuma amtoe.

Mnamjua alivyo. Alikuja kutoka ng'ambo ya mpaka na pasi yake ya mkaa na furushi la nguo, nikampangisha. Baba yenu alipofariki, wengine walinihubiria subira. Yeye alichukua nguo zenu za shule, akazinyoosha, akazirudisha zimekunjwa, na hakuna aliyejua shuleni kwamba watoto hawa mama yao hawezi kuinuka kitandani. Siku za baridi alipitisha pasi kwenye shuka zenu ili mlale penye joto. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee, na mimi nilipona.

Halafu akaja kuomba kura yule tuliyemwita Mwenye Nchi, akisema nchi ni ya wenye nchi. Nilimpenda, siwafichi. Aliahidi kazi, na nyinyi mlikuwa mnashinda mmekaa kizingitini. Mama gani asingepiga makofi? Chama kikaniagiza nichore uso wake kwenye ukuta wa soko. Picha waliyonipa ilikuwa ndogo, na jua limemfumba macho. Nitayatoa wapi macho? Nikamketisha Mama Pasi kwenye kigoda, nikayachukua yake, huku akicheka kwamba nisipitiwe nikamvalisha bwana mkubwa na hereni. Ndevu zikawa za Mwenye Nchi, macho ya jirani yangu. Watu wakisimama pale wakasema huyu ana huruma, mtazameni macho. Hata mimi niliyeyachora, nikipita niliyaamini.

Akashinda. Tulipiga vigelegele hadi koo zikakauka, na Mama Pasi akawanyooshea vijana wa chama fulana zao bure, akisema furaha ya jirani ni yake pia. Haukupita muda, agizo likatoka kwamba wasio na asili ya hapa waondoke kwenye vyumba vya barabarani. Nikasema hajui, wabaya ni wasaidizi wake, mwenye macho yale hawezi. Iliposikika kwamba anapita sokoni na msafara, nikaenda kusimama chini ya ukuta nimwombee jirani yangu. Kioo cha gari kikashuka. Akautazama uso wake pale ukutani, mimi hakuniona, akamwambia aliyekaa naye, "Macho hayo yananifanya mnyonge. Mwambieni aliyechora ayakaze." Kioo kikapanda.

Nikapanda ngazi na brashi ya rangi nyeusi, na pale juu, uso kwa uso na macho yale, ndipo nikaelewa kwamba nilichokipenda muda wote kilikuwa nyumbani kwangu kinanyoosha nguo. Nikashuka. Nilidhani nitalia, kumbe nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, shingo inauma lakini nyepesi. Nikafunga makopo, nikarudi, nikala, nikalala mchana kweupe kama mtoto. Mchoraji mwingine akayakaza. Simlaumu, naye ana watoto.

Watu wa kamati walipokuja kumtoa Mama Pasi, niliwaambia huyu ni mdogo wangu, anayemtaka aanze na mimi. Wakacheka, wakasema bibi mwenyewe hana siku nyingi, tutasubiri. Basi wanasubiri, wanangu. Hata sasa wanasubiri.

Mwanangu mkubwa, sikulaumu kwa ile fulana ya chama. Ulitafuta kazi, ukaipata. Jana uliniambia, "Mama, mimi ndiye nitakayeulizwa." Kuulizwa si kuuawa, baba. Uwajibu kwamba ni mama yako mdogo, uongee taratibu, uwape viti. Huenda kazi ikakuponyoka, sitakudanganya, lakini akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na wewe dhiki hiyo uliivuka umevaa shati alilolinyoosha yeye.

Nipeni maji kidogo. Asante, mama.

Chama kikileta bendera ya kunifunika, ipokeeni kwa adabu, muikunje vizuri, muirudishe. Msigombane nao. Msinifanyie makubwa... Binti yangu, brashi zioshwe kila jioni, rangi ikikauka humo haitoki.

Mungu awape riziki isiyomnyima mwingine. Awape majirani. Mkikosea, awape mtu wa kuwashusha ngazini pole pole.

Mkubwa wangu, nipe mkono. Bado una nguvu hivi? Haya, sema. Sema kwa sauti, Mama Pasi yuko hapo uani anajifanya anaanua nguo, asikie...

Eeh. "Ni mama yangu mdogo." Nimekusikia, baba.

Sasa nifungulieni dirisha. Nimechoka, lakini nimechoka vizuri.