Haroub Wakil Ubwa: Mkono Hakuunyanyua

Haya ya marehemu Haroub Wakil Ubwa, tuliyemkusanyikia kwenye hitma hii, kayaandika mama yake mzazi, Bi Salhiya, kwa mkono wake. Bakar, mjomba wa marehemu anayeyasoma, kaambiwa asiruke neno.

Marehemu alizaliwa hapa Fumba tarehe 14 Machi 1989. Alisoma hapa hapa, akamalizia skuli mjini mwaka 2007. Tangu mdogo, ndoo ya mtu ikidondoka kisimani aliitwa yeye. Aliiopoa kwa kulabu ya waya, na hakuitoa mpaka mwenyewe amwambie shikamoo, hata awe bibi kizee. Mama yake alimchapa kwa hilo, kisha akaingia ndani kucheka.

Mwaka 2016 alimuoa Nadhira binti Ayoub wa Bwejuu. Waligombana kama watu wote, na aliyetangulia kuomba radhi alikuwa Haroub.

Mwaka 2019 aliajiriwa kwenye meli ya utafiti, ile inayoshusha nyambizi ndogo yenye wataalamu ndani mpaka chini kabisa. Nyambizi ikizuka, Haroub ndiye aliyeirukia mgongoni, akaitia kulabu ya winchi, akajitupa majini, akanyanyua mkono. Mkono usiponyanyuliwa, winchi haivuti. Ndiyo kazi yenyewe, na kila mtu melini anaijua.

Tarehe 9 Agosti 2024 bahari ilichafuka, na ndani ya nyambizi wamo watu wawili. Haroub akatia kulabu. Winchi ikavuta naye bado yuko juu. Nyambizi ikabembea, ikambana na ubavu wa meli. Wale wawili walitoka wazima. Yeye alilazwa kifua kimepondeka, akafariki tarehe 2 Septemba.

Wenye meli wameandika kuwa alitoa ishara mwenyewe. Waongo. Alimwambia mama yake kitandani, "Mama, mkono sikuunyanyua." Haroub alikuwa na ila zake, uongo hakuwa nao. Mchele wao wa matanga umerudishwa na magunia yake.

Jana Anuar, mwendesha winchi, alimfuata Bi Salhiya jikoni analia. Akasema, "Nahodha kaniambia vuta, nami nikavuta."

Akajibiwa, "Usinililie mie hapa. Kayaseme mbele za watu."

Marehemu ameacha mama, mjane, na watoto wawili, Ummy na Ubwa, ambao huko skuli wanaambiwa baba yao kajiua kwa uzembe.

Anuar yupo, kaketi karibu na mlango. Bakar atanyamaza sasa. Anuar asimame aseme, ndipo isomwe Fatiha, na Mola amfanyie Haroub wepesi huko alikolala.