Mikono Juu ya Kifuniko: Maisha ya Marehemu Marie-Louise Mbambu, 1969–2025

Baba Paroko, ndugu mliovuka mpaka kuja kutuzika, majirani wa Nsambya, wasusi wa Kabalagala, na wageni wetu kutoka Kibuli, familia inawasomea historia ya mama yetu, dada yetu na shangazi yetu, Marie-Louise Mbambu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Heritier. Imeandikwa kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha aliyoitumia kuwauzia nyote mafuta. Yeye mwenyewe, wiki mbili kabla ya kufariki, aliagiza kwamba sehemu ya mwaka 2022 isirukwe, na mwanawe Heritier, ambaye sehemu hiyo inamgusa, amekubali isomwe kama ilivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 mjini Butembo, mashariki ya Kongo, akiwa binti wa nne wa mwalimu wa katekisimu na mkulima wa maharagwe, na kwa desturi ya Wanande binti wa nne akaitwa Mbambu. Alibatizwa mwezi wa Mei mwaka huohuo. Alisoma shule ya msingi ya masista kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, kisha akajifunza kukata na kushona kwa miaka mitatu, fani ambayo aliimaliza kwa cheti kizuri na hakuifanya hata siku moja, maana tangu utotoni mikono yake ilipenda vichwa vya watu kuliko vitambaa.

Mwaka 1988 alifungua meza sokoni Butembo, akauza sabuni, vitana na mafuta ya kupaka, na mafuta yaliyotoka haraka kuliko yote yalikuwa yale ya kung'arisha ngozi. Katika biashara ile muuzaji ndiye tangazo, mteja hutazama uso wako kabla ya kutazama kopo, kwa hiyo Marie-Louise, akiwa na miaka kumi na tisa na ngozi ya mama yake, alianza kujipaka bidhaa aliyoiuza. Alijipaka kwa miaka mitano. Uso ukawa mweupe, meza ikajaa wateja, na vifundo vya vidole vikabaki vyeusi, kwa sababu vifundo havichubuki, na kila mwanamke wa mji ule alijua maana ya uso mweupe wenye vidole vyeusi.

Tarehe 17 Agosti 1991, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Mumbere, dereva wa lori la kahawa, ambaye katika miezi ya mwanzo alimwambia jambo moja tu kuhusu ngozi yake, kwamba alimposa msichana mmoja na sasa analala na mwingine. Aliacha kujipaka mwaka 1993, alipokuwa na mimba ya Heritier, aliyezaliwa tarehe 3 Mei mwaka huo. Blandine alizaliwa tarehe 21 Novemba 1997. Ngozi ya usoni ilirudi kwa mabaka, ya mikononi haikurudi sawasawa tena.

Oktoba 2002, vita vilipofika mtaani kwao, familia ilivuka mpaka ikafika Kampala na mabegi mawili, ikapanga chumba hapa Nsambya, jirani na nyumba za reli. Mumbere alipata kazi gereji, na Marie-Louise akaanza kusuka Kabalagala, chini ya ngazi za jengo la baa, mahali ambapo mchana palikuwa kimya kiasi kwamba mteja aliweza kusinzia akisukwa. Mumbere alitutangulia tarehe 9 Februari 2011, kwa ugonjwa wa moyo.

Ni hapa Nsambya, mwaka 2006, alipokutana na Amony, mke wa Ocira wa polisi, mwenye asili ya Otuke, kaskazini mwa Uganda, aliyekuwa akipokea kutoka kwao mafuta mazito ya mbegu za mti wa yaa, yaani shea, na kuwagawia wenzake wa kambi ya polisi. Amony alimwona Marie-Louise akisuka kichwa kilichokauka, akamletea kijiko kimoja kwenye jani la mgomba. Kutokana na kijiko kile Marie-Louise alipika, akachanganya na simsim, yaani ufuta, akachuja, akajaribu vichwani mwa marafiki, na mwaka 2009 akatoa Mafuta ya Mbambu, yenye kifuniko kilichokuwa na uso wa mwanamke mweusi aliyesukwa mistari, kazi ya mchora mabango, na chini yake maneno: kwa nywele za kipilipili na ngozi kavu. Wateja wake walikuwa Wakongo na wasusi wa Kabalagala, kisha polisi wa kike, kisha, kupitia kwa Zulaikha, mpambaji wa maharusi wa Kinubi kule Kibuli, wakaja mabibi harusi na mama zao.

Zulaikha ndiye pia aliyempaka hina. Kwa zaidi ya miaka kumi, kila hina ilipofifia, Marie-Louise alipanda boda boda kwenda Kibuli, akanyoosha mikono, akaomba vidole vipakwe hadi juu ya vifundo, nyeusi, bila maua. Wanawake wa Kibuli walimtania, wakimuuliza atasilimu lini, kwani jina walikwishamchagulia, naye akawajibu kwamba anasubiri mahari. Zulaikha aliamini rafiki yake anapenda hina. Hakujua kilichokuwa chini yake.

Mtu wa kwanza kuyatumia mafuta haya ambaye hayakutengenezwa kwa ajili yake ni Sista Rosalba, Mtaliani, ambaye wakati ule alihudumia wagonjwa hospitalini hapa kilimani na mikono yake ilikuwa imepasuka kwa kunawa. Mwaka 2014 alisimama mbele ya meza ya marehemu baada ya misa, akaomba kopo moja. Marie-Louise alimweleza kwa upole kwamba haya ni ya nywele na ngozi za watu weusi, hata kwenye kifuniko imeandikwa. Sista akajibu, kwa Kiswahili chake cha wodini:

"Mama Heritier, ngozi yangu haijasoma kifuniko chako."

Alichukua kopo, na baada ya mwezi akarudi kuchukua sita kwa ajili ya masista wenzake. Marehemu alilisimulia jambo hilo kwa miaka mingi, kwanza kama kichekesho, baadaye kama swali, kwa sababu alianza kuona kwamba mti wa yaa haukumuuliza mtu asili yake, na kwamba huenda ni yeye aliyekuwa amesimama mlangoni akizuia watu.

Heritier alimaliza masomo ya biashara mwaka 2017 akajiunga na mama yake. Mwaka 2021 walipeleka mafuta kwenye duka moja kubwa la Muyenga, ambako Wahindi na Wazungu hununua, na makopo yakakaa rafuni miezi minne. Mwenye duka alisema wateja wale huchukua kopo, hutazama uso uliochorwa, hurudisha, si kwa dharau, bali kwa kudhani wameshika kitu cha mtu mwingine. Heritier alitafakari, na alitafakari kwa nia njema. Alitaka kifuniko ambacho hakimfukuzi mtu yeyote. Februari 2022, mama yake akiwa Butembo kwa msiba wa kaka yake, alichapisha kifuniko kipya chenye picha ya mwanamke wa rangi ya maji ya kunde iliyopaushwa, nywele zimelala, uso unang'aa, si mweusi wala si mweupe, ili kila mtu ajione kidogo.

Mtu aliyesoma biashara darasani aliona picha ya watu wote. Mwanamke yeyote wa Kabalagala, wa Kibuli au wa Butembo aliona kitu kimoja tu, kwa kuwa katika masoko yetu kopo lenye uso mweupe unaong'aa lina maana inayojulikana bila kusoma: ndani yake mna mkorogo, dawa ya kuchubua ngozi.

Marehemu aliporudi, wiki ya pili ya Machi, wasusi wanne walikuwa wameacha kununua na hawakusema kwa nini. Zulaikha alikuja mwenyewe kutoka Kibuli na katoni mbili, akakaa kizingitini, hakutaka chai.

"Mama Heritier, mimi napaka watoto wa watu," alisema. "Mama zao wananiuliza nimeanza lini kuwachubua. Niwaambie nini?"

Kesho yake alifika msichana ambaye hatukupata jina lake, mwanafunzi, mweusi wa kupendeza, akaokota kopo jipya mezani na kulizungusha.

"Mama, hii inachukua siku ngapi?"

"Siku ngapi kufanya nini, mwanangu?"

"Kutakata."

Blandine, aliyekuwapo, anasema mama yake alikaa chini polepole kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali, akamwambia msichana kwamba mafuta haya hayatakatishi mtu, na msichana akauliza kama basi lipo kopo lingine lenye makali zaidi.

Usiku ule Heritier aliomba radhi, akataka kurudisha uso wa zamani mara moja. Mama yake alikataa. Alisema kifuniko cha zamani nusura kimrudishe Sista Rosalba mlangoni, na hiki kipya kimewaambia wasusi wake kwamba amewauza, na yeye hakuwa tayari kuchagua kati ya wateja kama mama anayechagua kati ya watoto. Kisha akaacha kwenda Kibuli. Hina ikafifia, kwanza migongo ya vidole, halafu vifundo, zikabaki kucha pekee.

Jumamosi ya tarehe 26 Machi 2022 aliwaita uani kwake wasusi wote, na Zulaikha, na Amony, na Sista Rosalba, kama watu ishirini hivi, akawapa viti, akaweka mikono yake miwili juu ya meza. Waliokuwapo wanakumbuka kwamba hakuzungumza haraka.

"Mnaniuliza kama nauza mkorogo," alisema. "Niliuza. Butembo, miaka mitano, na nilijipaka mimi kwanza ili nyinyi mniamini. Hivi ndivyo vidole vyangu. Zulaikha, nisamehe, hukuwa unanipamba, ulikuwa unanificha."

Zulaikha alisimama, akaenda mezani, akaishika mikono ile, akavitazama vifundo kimoja kimoja. Alisema angejua, angemtoza zaidi. Watu wakacheka, na kwa mujibu wa Amony huo ndio wakati hofu ilipoondoka uani.

Kifuniko cha tatu ndicho mnachokijua. Kina picha ya mikono ya marehemu, imefunguka, mafuta yakiwa kiganjani, mkono mmoja ukiwa umegeuzwa ili vifundo vionekane. Heritier alimwuliza mama yake ni nani atakayenunua urembo wenye kasoro kwenye kifuniko, akajibiwa, ni yule anayetaka kujua kama tunamdanganya. Hakuna uso, wala aina ya nywele. Yameandikwa maneno machache, kwamba haya ni mafuta ya yaa na simsim, ya ngozi na nywele za yeyote, na hayabadilishi rangi ya mtu.

Si kweli kwamba kila kitu kilinyooka. Hoteli moja iliyataka mafuta lakini ikaikataa picha, na marehemu akakataa hoteli. Wasusi wawili hawakurudi. Lakini duka la Muyenga liliendelea kuagiza, akina mama wa Kihindi walianza kuyatumia kwa watoto wao, wanaume wenye ndevu walianza kuyaulizia kwa kunong'ona, na Zulaikha aliwaonyesha maharusi kifuniko kile kabla ya kufungua kopo. Hadi mwisho wa mwaka 2024 Mafuta ya Mbambu yalikuwa yamefika Mbarara, Gulu na Goma, na Butembo pia, kwenye soko lilelile.

Mwezi wa Agosti 2023 miguu ya marehemu ilianza kuvimba, na Oktoba madaktari wakagundua kwamba figo zake zimechoka. Walimuuliza alitumia nini ujanani, akawaambia. Walisema hawawezi kuthibitisha kwamba zile krimu ndizo chanzo, wala hawawezi kukana, naye akataka maneno hayo mawili yasomwe pamoja, bila moja kuachwa. Kuanzia Novemba 2023 alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na siku zilizobaki alikaa uani akinusa moshi wa sufuria ya mafuta ya Blandine na kumwambia apunguze moto. Hali ilibadilika mwanzoni mwa mwezi huu. Alifariki Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, watoto wake wote wawili wakiwa kando ya kitanda. Ameacha pia wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi ishirini, hasa waliomwita mama badala ya namba ya kitanda, majirani wa nyumba za reli na kambi ya polisi waliokesha nasi, Bwana Ocira aliyetafuta gari, wasusi wa Kabalagala waliofunga saluni leo, Sista Rosalba, ambaye kwa umri wake amepanda kilima hiki kwa miguu, na ndugu zetu Waislamu wa Kibuli waliopika bila kuulizwa.

Limebaki jambo moja. Jana Zulaikha alifika na hina yake, akiomba kumpamba rafiki yake mara ya mwisho, na tulilazimika kumwambia kwamba marehemu aliacha neno: asipakwe hina. Zulaikha alilia, kisha akafungua kopo, na yeye na Amony wakaipaka mikono ile mafuta. Mtakapopita kumuaga mtaiona juu ya shuka, wazi, na vifundo vyake. Msigeuze macho, ndivyo alivyotaka.

Mbambu, mama wa wengi kuliko uliowazaa, kazi ya mikono yako tumeipokea. Pumzika kwa amani.